Kikombe cha Shahidi

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikisalimiwa kwa uchangamfu uliopitiliza, najiuliza huyu anataka nini. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia yapimeni wenyewe. Mengi nilisimuliwa na shangazi yangu, dada wa baba, na yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu mchana kweupe.

Shangazi alikuwa anaishi kwa ulimi wake. Sisemi alikuwa mmbeya, ingawa umbeya nao haukumpita mbali. Alikuwa muonja chai. Kwa miaka ishirini na mbili alitoka nyumbani asubuhi bila kupaka mafuta yenye harufu, bila kula kitunguu, akaenda kuonja chai za watu na kuzitema. Mimi nilirudi kukaa naye ndoa yangu ilipovunjika, nikaweka cherehani sebuleni, nikawa nashona mapazia. Tuliishi vizuri. Alinitania kwa herufi zangu, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto na maandishi yangu yote yanalalia upande mmoja. "Herufi zako zimelewa," alikuwa akisema kila akiona vipimo nilivyoandika kwenye kitambaa.

Chumba chao cha kuonjea kilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda cha kufungasha chai. Nilikifahamu vizuri kwa sababu pazia lake nililishona mimi. Kilikuwa na dirisha moja pana lisiloingiza jua, na chini yake meza ndefu ya vigae vyeupe. Vikombe vyeupe hupangwa mstari, kila kimoja na namba yake. Muonjaji anachota kijiko, anaivuta chai pamoja na hewa hadi inalia kama maji ya mwisho yakishuka kwenye tundu la sinki, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, kisha anaandika neno moja kwenye kikaratasi. Laini. Chungu. Imechoka. Karatasi inalazwa kifudifudi. Hakuna kusemezana, maana ukimsikia mwenzako kasema chungu, ulimi wako nao utaona chungu. Wote wakimaliza, mkuu wa meza anagonga kijiko mezani mara moja, na karatasi zote zinafunuliwa kwa pamoja. Karatasi tupu haikubaliki. Ukikaa kwenye meza ile, unajibu.

Mwisho wa mstari huwekwa kikombe kimoja cha ziada. Hicho hakinywewi na mtu. Kinamiminwa chai kama vingine, kinafunikwa kwa kifuniko chake na kuachwa hapo, kikifunuliwa tu ili rangi ya vingine ilinganishwe nacho kadiri vinavyopoa. Wenyewe wanakiita kikombe cha shahidi.

Waonjaji walikuwa wanne. Mkuu wa meza, mzee mpole aliyependa kuimba puani wakati maji yanachemka. Mapua, ambaye jina alipewa na pua yake mwenyewe, mtu wa mzaha kila mahali, kuanzia kwenye meza ya chai hadi msibani. Mama Pacha, mwenye watoto wawili wa kike waliofanana hadi yeye mwenyewe aliwatambua kwa kuwapapasa kovu la sikioni. Na shangazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Walikuwa wamemaliza kikombe cha saba. Mama Pacha akaona kikaratasi mbele ya kikombe cha shahidi, mahali ambapo hakuna anayekaa. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, herufi zimesimama wima: Kati ya milango mitano ya fahamu, ungekubali kuishi bila upi?

"Mapua, acha ujinga," Mkuu alisema.

Mapua akaapa kwamba si yeye. Kwa kuwa huapa hivyo kila mara, walicheka. Mkuu akasema basi tujibu kama tunavyojibu chai, wakati maji yanachemka. Kila mmoja akaandika, akalaza karatasi yake. Mkuu akagonga.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Muulize mtu yeyote unayekutana naye barabarani swali hilo, atakujibu haraka: kunusa. Atakwambia pua ya nini, mitaro yenyewe inanuka hivi. Lakini wale wote walikuwa watu wa pua na ulimi. Hakuna aliyethubutu kuandika kunusa wala kuonja hata kwa mzaha. Mkuu aliandika kusikia, akasema amesikia hotuba za wakubwa za kutosha. Mama Pacha aliandika kugusa, kwa sababu kazini hakuna anayeviuliza vidole vyake. Mapua aliandika kuona, akaigusa pua yake na kusema huyu atanishika mkono.

Karatasi ya shangazi ilikuwa tupu.

"Sijibu swali nisilomjua aliyeuliza," alisema. Wakamzomea kidogo, maji yakachemka, kazi ikaendelea.

Siku tatu baadaye Mkuu aligonga meza, akakaa akisubiri. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu kwa nguvu, kijiko kikapinda. Wenzake walikuwa wameshafunua karatasi zao tangu mara ya kwanza. Aliwatazama midomo mmoja mmoja, akaweka mkono sikioni, na uso wake ukabadilika. Daktari alimchunguza na kusema masikio ni mazima. Shangazi aliponisimulia jioni ile aliongeza kitu kidogo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alisema Mkuu alipogonga, kifuniko cha kikombe cha shahidi kiliinuka kidogo, kikashuka. Kila alipogonga.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Alikuwa ameshika birika akizungumza na shangazi kuhusu sare za watoto. Mapua ndiye aliyenusa nyama inaungua, akapiga kelele. Kiganja chote kilikuwa kimeshikamana na chuma, na mama wa watu bado alikuwa anatabasamu, akiuliza kuna nini. Hakuhisi. Mpaka leo hahisi kitu, si moto, si maji, si kovu la sikio la mwanawe. Asubuhi iliyofuata, kwenye majani makavu ya chai yaliyowekwa kwenye sahani mbele ya kikombe cha shahidi, kulikuwa na vishimo vinne vimepangana, na cha tano pembeni. Kama mtu aliyekuwa anajaribu vidole vipya.

Mapua akaacha mzaha. Alikuwa akija kazini na mke wake hadi mlangoni, anatazama kila kitu sana, ukuta, viatu vyake, uso wa mkewe. Siku kumi alidumu. Halafu saa nne asubuhi, mwanga umejaa chumba kizima, akaweka kijiko chini polepole.

"Nani amefunga dirisha?" akauliza.

Shangazi akamshika mkono.

Sasa watu wakaanza kuhesabu. Wanne walikaa mezani, watatu wamepatwa, mmoja ni mzima. Na huyo mzima ndiye aliyeacha karatasi tupu. Na huyo mzima ndiye aliyepewa kijiko cha mkuu wa meza baada ya mzee kustaafishwa. Ungekuwa wewe, ungemtazama nani?

Mama Pacha alikuja nyumbani Ijumaa mchana, mkono umefungwa bandeji. Nilimwamkia, akaitikia bila kukaa. Shangazi alikuwa dukani.

"Binti, wewe ni mtu mzima, nitakwambia ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi hatumtukani shangazi yako. Tunataka ajibu tu. Akijibu kama tulivyojibu, tutajua ni mwenzetu."

"Na asipojibu?"

"Jumatatu wanawake wa kiwandani hawataingia kazini mpaka atoke. Na mke wa Mapua ana ndugu zake. Si watu wa kuzungumza."

Alipoondoka nilibaki na kitambaa mkononi, sioni hata uzi. Nilimpenda shangazi yangu. Ndiye aliyenipokea na begi moja bila kuuliza swali. Lakini nimesema mimi ni mtu wa kushuku, na shuku haichagui ndugu. Nikaenda chumbani kwake, nikafungua mkoba wake wa kazini. Kijiko cha mkuu kilikuwemo. Chini yake, kimekunjwa mara mbili, kilikuwemo kikaratasi chenye swali.

Nilizisoma zile herufi zilizosimama wima. Shangazi naye huandika wima.

Aliporudi nilimwonyesha. Sikuweza kuzunguka mbuyu, nikauliza moja kwa moja.

"Nimekichukua ili mtu mwingine asije akajibu," alisema. Hakukasirika. Aliketi kwenye kiti changu cha cherehani, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. "Kila siku kinakuwa mezani, mbele yangu. Nimehama kiti mara tatu wiki hii. Kinanifuata. Tangu Mapua apofuke, kinanifuata."

"Kwa nini usijibu tu, shangazi? Toa kimoja, yaishe."

"Nitoe kipi? Wenzangu wameshatoa vitatu, kile kikombe kimeshavipata. Vimebaki viwili, na hivyo viwili ndivyo mimi."

Alisema kwa kunong'ona, akitazama mlango. Nikajikuta na mimi nanong'ona, ndani ya nyumba yetu wenyewe, saa nane mchana.

Akaniambia na lingine. Kile kikombe hakijawahi kupungua. Kinasikia, kinapapasa, kinatazama, lakini chai yake hubaki vile vile hadi inamwagwa. "Kinaikodolea macho," alisema, "kama mtoto anayesubiri apewe." Kisha akachukua kile kikaratasi mbele yangu, akakirudisha kwenye mkoba, akafunga zipu.

Jumamosi tulipigiwa jiwe kwenye bati. Moja tu. Jirani tuliyezoea kuchota naye maji aligeuza uso. Shangazi alifua nguo siku nzima, hata zilizokuwa safi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alitoa beseni la nguo uani kuanika. Mimi niliingia jikoni kuosha sahani. Meza nilikuwa nimeifuta muda si mrefu. Kikaratasi kilikuwa katikati yake. Kando yake kulikuwa na penseli iliyochongwa.

Nilichungulia dirishani. Shangazi alikuwa pale kwenye kamba, mikono juu, anabana shuka. Nilisikia vibanio vikilia tik, tik. Nikaitazama karatasi tena. Ilikuwa ile ile, na mikunjo yake miwili.

Nitawaambia nilichofikiri, maana baadaye nimelaumiwa sana. Nilifikiri: kesho watakuja. Nilifikiri: karatasi ikiwa imejibiwa, wataondoka. Swali halikuwa na jina la mtu. Mimi naishi kwa macho na vidole, hivyo siwezi kutoa. Masikio nayataka. Lakini kunusa? Ninanusa nini mimi cha maana, zaidi ya mtaro wa nyuma na mafuta ya cherehani? Na ningekuwa nimemlipa shangazi wema wake kwa kitu ambacho hata sikuhitaji. Niliona nimepata njia rahisi ambayo watu wazima wote wanne walishindwa kuiona.

Nikashika penseli kwa mkono wangu wa kushoto, nikaandika: Kunusa. Nikailaza karatasi kifudifudi, kama inavyotakiwa.

Kijiko kikagonga meza.

Mara moja. Karibu na mkono wangu. Mezani hapakuwa na kijiko.

Niligeukia dirisha. Shangazi bado alikuwa kwenye kamba, mikono yote miwili juu. Lakini alikuwa ameacha kubana. Alikuwa amesimama kimya, ameligeuzia dirisha mgongo, kama mtu aliyekuwa anasubiri kusikia kitu na sasa amekisikia.

Aliingia taratibu. Akafunua karatasi, akasoma herufi zangu zilizolala.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Kunusa tu, shangazi. Si kitu."

Alikaa chini sakafuni, pale pale penye maji ya kuoshea sahani. Kisha akainuka, akakata limau, akanishika kidevu kama mtoto, akaniwekea kipande ulimini.

"Unaonja nini?"

Nilikiuma. Kilikuwa kama kitambaa kilicholowa. Nikakitafuna chote, ganda na mbegu, nikitafuta ukali wake. Haukuwepo.

"Kwa nini unafikiri hakuna aliyeandika hiyo?" alisema, machozi yanamtoka. "Kila muonjaji anajua. Ulimi peke yake ni kipande cha nyama. Ukitoa pua umetoa vyote viwili. Umekipa vyote."

Alinikumbatia, akalia sana. Nami nililia. Ila katikati ya kilio kile kuna kitu kilinichoma, na mpaka leo hakijatoka. Hakuniuliza karatasi ilifikaje mezani. Mkoba wake ulikuwa chumbani, umefungwa zipu.

Jumatatu alikwenda kazini na kuwaambia ukweli: mpwa wake amejibu na amepatwa. Mama Pacha alikuja kuhakikisha, akanipa limau kwa mkono wake wa bandeji, akaniona nalitafuna kama karoti. Akaniomba radhi. Nyumba yetu nayo ilikuwa imeguswa, kwa hiyo tukawa wenzao. Jirani alianza kutusalimia. Shangazi alibaki na kijiko cha mkuu wa meza, na anacho hadi sasa. Anasema chumba kimetulia. Kule kazini hakuna tena kikaratasi, na kikombe cha shahidi ni kikombe tu.

Kule kazini, nasema.

Hapa nyumbani ndiye anayepika, kwa sababu mimi siku hizi naunguza sufuria bila kujua. Ananipakulia mwenyewe, ananiletea hadi kwenye cherehani. Anasema anataka kunilipa. Asubuhi humimina chai vikombe vitatu. Nilimuuliza cha tatu cha nani, akacheka, akasema ni mazoea ya kazi. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na mazoea hayo hajawahi kuyaleta nyumbani kabla.

Siku ya kwanza ya kikombe hicho nilikuwa napima pazia sebuleni, yeye yuko bafuni, namsikia akijimwagia maji. Kutoka jikoni ikaja ile sauti. Chai ikivutwa pamoja na hewa, ndefu, kwa uchu. Nilisubiri nisikie ikitemwa. Haikutemwa. Nilipoingia, kikombe cha tatu kilikuwa kikavu hadi chini, na ukingo wake ulikuwa bado una unyevu mahali pa mdomo.

Siku ya pili kulikuwa na kikaratasi. Hakikuwa kwenye kikombe. Kilikuwa chini ya ukingo wa sahani yangu, ile aliyoniletea shangazi, ambayo nilikuwa nimeshaila nusu. Kililazwa kifudifudi. Nikakifunua. Kilikuwa na neno moja, kama waonjaji wanavyoandika, na herufi zake zilikuwa zimelalia kushoto. Mwandiko ulikuwa wangu.

Chungu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono.

"Chumvi imekolea?" aliniuliza. Huuliza hivyo kila siku, kwa mazoea, kisha hukumbuka na kujishika mdomo. Siku hiyo hakujishika mdomo.

"Imekolea," nilijibu.

Nilimpelekea jirani mboga ile ile aionje. Alisema ni tamu, akaomba nyingine. Lakini yake niliichota kwenye sufuria. Sahani yangu hupakuliwa na shangazi, akiwa amenipa mgongo. Najua ninavyosikika. Kile kitu kimekula masikio ya mzee, macho ya baba wa watu na mikono ya mama wa watoto, na mimi hapa najiuliza kama niamini kitu hicho kuliko damu yangu. Huenda ndicho kinachotaka. Huenda kina njaa na kinataka niache sahani. Na huenda ulimi wangu, popote ulipo, bado unanionea huruma.

Nikiacha kula, shangazi ataniuliza kwa nini. Nikiendelea kula, naendelea kukonda. Daktari yule yule aliyempima Mkuu amenipima na kusema sina tatizo.

Vikaratasi nimeviweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini vya uzi, mahali ambapo shangazi hafiki. Sasa ninavyo kumi na moja. Vyote vina neno lile lile. Cha leo asubuhi penseli imekandamizwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka.